Mti Nao Hupigiwa Hodi

Mwanangu,

Ule msimbo ulioniachia Ijumaa nimeusoma wote, tena mara mbili. Majina umeyachagua vizuri, mafaili yamepangika, na mti wako wa mikoa, wilaya, tarafa, kata na vijiji unafunguka kwenye skrini bila kukwama. Kuna jambo moja tu lililoninyima raha. Kila unapoongeza kijiji kimoja unaita beginResetModel na endResetModel, yaani unaiambia modeli nzima ijisahau na ijisome upya. Kijiji kipya kinatokea, ni kweli. Lakini matawi yote yaliyokuwa wazi yanafungwa, mstari uliokuwa umechaguliwa unapotea, na skrini inarudi juu kabisa, Arusha. Siku ile ulinionyesha mbele ya wenzako nikanyamaza, kwa sababu kijana haonywi mbele za watu. Leo tuko wawili.

Mfikirie yule atakayekaa mbele ya programu yako. Ni karani wa wilaya, ana karatasi yenye vijiji 50 vya kuingiza. Ili akifikie kijiji lazima afungue mkoa, wilaya, tarafa na kata: mibofyo minne. Ukiufunga mti baada ya kila kijiji umemtwisha mibofyo 200 isiyomletea faida yoyote, na katika kila mbofyo anaweza kukosea kata. Mchana joto limepanda, umeme umekatika mara moja na kurudi, na mbele yake kuna foleni. Huyo ndiye unayemwandikia, wala si mimi niliyekuja kukusifu Ijumaa.

Najua kilichokufikisha hapo. Ulijaribu kuingiza mtoto mmoja mmoja kama inavyotakiwa, programu ikazimika ghafla. Ukarekebisha, ikazimika tena. Mwishowe ukaona heri mti wote ufutwe uchorwe upya. Msimbo wako wa kwanza bado upo, umeuweka pembeni kama maelezo, nami nimeusoma huo pia. Ulikuwa umebakiza kidogo sana. Acha nikueleze ulipokosea, lakini kwanza nikueleze nilipokosea mimi, maana kosa langu lilikuwa kubwa zaidi.

Mwaka 2003 nilikuwa naandika kwa Visual Basic 6 programu ya kuorodhesha vituo vya kuchotea maji. Mti wa wakati ule ulikuwa na amri moja, Nodes.Add. Unamtaja mzazi, unataja uhusiano, unampa mtoto ufunguo wake, kisha maandishi ya kuonekana. Ufunguo ulitakiwa uwe wa pekee katika mti mzima, na haukukubali kuwa tarakimu tupu: ukiweka 417 unapata kosa, ukiweka K417 unapita. Nikaona namba zinanisumbua, nikatumia majina ya mahali kuwa ndiyo ufunguo. Kata ya kwanza kuingia ilikuwa Majengo ya Dodoma. Baadaye ikaja Majengo ya Moshi, programu ikalalamika kwamba ufunguo huo umeshatumika. Nami, badala ya kusikiliza, nikaandika On Error Resume Next, ile amri ya kuziba masikio.

Ikawa hivi: Majengo ya Moshi haikuingia kamwe, ila vituo vyake viliingia. Viliulizia mzazi aitwaye Majengo, vikampata, vikakaa Dodoma. Majengo ya Songea nayo vivyo hivyo. Mti ulionekana mzuri, umejaa, hakuna ujumbe wowote wa kosa. Aliyegundua ni fundi mmoja aliyepewa orodha ya vipuri, akatembea Majengo ya Dodoma asubuhi nzima akitafuta kituo kilichopo Songea. Alinipigia simu akiwa juani, akaniuliza kwa upole: "Kaka, hiki kituo kiko upande gani hasa?" Sikuwa na jibu. Upole wake uliniuma kuliko ambavyo ningeumia angefoka.

Kwa hiyo kabla hujauliza mtoto akae mstari wa ngapi, uliza mzazi wake ni nani, na usimtambue mzazi kwa jina. Mpe kila mkoa, kila kata, kila kijiji namba yake isiyobadilika kutoka kwenye hifadhidata, na mzazi atafutwe kwa namba hiyo. Jina ni la kusomwa na binadamu. Linaweza kufanana na la mwingine, linaweza kubadilishwa, linaweza kuandikwa kwa herufi ndogo leo na kubwa kesho. Na kosa likijitokeza lisome, hata kama limekukatizia kazi.

Sasa tuje kwako. Mnorwe mmoja, Trygve Reenskaug, akiwa Xerox PARC kule California mwaka 1979, ndiye aliyepanga kwamba data ikae upande wake na picha ya data ikae upande mwingine. Maktaba ya Qt unayoitumia nayo ilizaliwa Norwei, mikononi mwa Haavard Nord na Eirik Chambe-Eng, na toleo lake la 4, la mwaka 2005, ndilo lililoleta utaratibu huu wa modeli na mwonekano unaouona leo. Nakutajia haya ili ujue kwamba mgawanyo huu umefikiriwa kwa miaka mingi. Si usumbufu uliowekwa kukuchosha.

Mwonekano hauna data. Ulichonacho ni kumbukumbu ya mambo machache: tawi gani liko wazi, mstari upi umechaguliwa, mzazi fulani ana watoto wangapi. Ukimwingiza mtoto kimyakimya kwenye orodha ya mzazi wake, mwonekano unabaki na hesabu ya zamani. Wenyewe unajua watoto ni sita, kumbe wako saba, na siku utakapokuja kuchora mstari ambao hesabu yake haikubaliani na ya modeli, hapo ndipo programu inapozimika.

Bibi yangu wa Pangani hakuwahi kugusa kompyuta, lakini angeielewa Qt haraka kuliko sisi wawili. Kwake hodi ilipigwa mlangoni. Unasema hodi, unasubiri, mwenyeji anajisitiri, anapanga ukumbi, ndipo unaingia, unakaa, na mazungumzo yanaendelea. Mtoto aliyeingia kwanza akasema hodi akiwa tayari kitini alirudishwa nje, aanze upya. Ndivyo ilivyo hapa. beginInsertRows ni hodi: unamtaja mzazi na nafasi, na kila aliyeshika anwani ya mstari ndani ya mti huo anapata kujipanga. Kisha unaingiza mtoto kwenye orodha. Kisha endInsertRows, kusema nimeshakaa, na hapo anwani zote za kudumu zinasogezwa mahali pake papya.

Katika msimbo wako wa kwanza amri zote mbili zilikuwepo. Ila ulimwingiza mtoto kwanza, ndipo ukapiga hodi na kuifunga papo hapo. Modeli ikiulizwa idadi ya watoto wakati wa hodi inatakiwa ijibu sita, wewe tayari uliifanya ijibu saba. Pasipo kichujio ungeweza kumaliza wiki usione dalili yoyote, na ndiyo maana kwenye majaribio yako ya mwanzo mambo yalikwenda sawa. Ulipoweka kile kisanduku cha kutafutia juu ya mti ulipachika QSortFilterProxyModel katikati, nayo ina daftari lake la mistari inayolinganishwa na la modeli. Daftari hilo halikubali uongo. Ukaona programu inazimika, ukadhani kisanduku ndicho kibovu.

Tena, katikati ya hodi na kukaa pasiwe na jambo linaloweza kushindikana. Nimeona humo ndani umeweka kuandika kwenye hifadhidata. Hifadhidata ikikataa, msimbo wako unarudi njiani, na endInsertRows haiitwi kamwe. Mgeni amepiga hodi, mlango umefunguliwa, na hakuna aliyeingia wala aliyeufunga. Andika kwanza kwenye hifadhidata. Ikikubali, ndipo uende mlangoni.

Namba nazo zina adabu yake. Baada ya mzazi unataja nafasi ya mtoto wa kwanza na nafasi ya wa mwisho, kama zitakavyokuwa baada ya kuingia, ukihesabu kuanzia sifuri, na zote mbili zimo ndani. Ukiingiza vijiji vitatu mbele ya kile kilicho mstari wa 2, utasema 2 na 4. Ukiongeza kimoja nyuma ya watoto sita, utasema 6 na 6. Na kama karani amepakia faili lisilo na kijiji chochote kipya, usipige hodi kabisa, maana utajikuta unasema 6 na 5.

Kuhusu mzazi kuna mitego miwili ambayo bado hujakanyaga, lakini utaikanyaga. Wa kwanza: mikoa yote, mzazi wake ni QModelIndex tupu, anwani isiyo na kitu ndani. Wewe una nodi iliyofichwa uliyoiita Tanzania, nayo ni mzizi wako wewe peke yako; mwonekano hauijui. Ukipiga hodi kwa jina lake umetangaza mgeni kwenye nyumba ambayo kwa mwonekano haipo. Wa pili: karani akibofya kwenye safu ya idadi ya kaya badala ya safu ya jina, kisha akabonyeza Ongeza, anwani utakayopewa itakuwa ya safu ya pili. Watoto, kwa desturi ya Qt, wananing'inia kwenye safu ya kwanza tu. Irudishe anwani hiyo kwenye safu ya sifuri ya mstari uleule kabla hujaitumia kama mzazi. Nimewahi kukaa siku mbili nikitafuta kosa lililotokea kwa karani mmoja tu kati ya saba, kumbe yeye pekee ndiye aliyekuwa na mazoea ya kubofya upande wa kulia.

Sasa mwaka 2012, ambao nauweka moyoni. Ilitangazwa mikoa minne mipya: Geita, Katavi, Njombe na Simiyu. Mti wetu ulikuwa na mikoa 21 ya Bara, imepangwa kwa alfabeti: Arusha mstari wa 0, Dar es Salaam 1, Dodoma 2, Iringa 3, Kagera 4, hadi Tanga 20. Nilijua Geita itachukua Chato kutoka Kagera, kwa hiyo nikaisoma namba ya Kagera, 4, na namba ya Chato ndani yake, 3, baada ya Biharamulo na Bukoba mbili. Nikazihifadhi kwenye vigeu. Kisha nikaingiza Geita mahali pake pa haki, mstari wa 3, kwa hodi safi kabisa. Iringa ikasogea hadi 4, Kagera hadi 5. Msimbo ukaendelea: nenda mstari wa 4, mchukue mtoto wa 3, mpeleke Geita.

Mstari wa 4 sasa ulikuwa Iringa. Mtoto wake wa 3, baada ya Iringa mbili na Kilolo, alikuwa Ludewa. Nikaihamisha Ludewa, wilaya inayolitazama Ziwa Nyasa, nikaipeleka Geita, kwenye Ziwa Victoria, pamoja na kata zake na vijiji vyake vyote. Niliikuta hali hiyo asubuhi iliyofuata, na hadi leo nikiandika namba ya mstari kwenye kigeu mkono wangu unasita.

Usihifadhi namba ya mstari ukapita nayo juu ya mabadiliko. QModelIndex ya kawaida nayo ni ya muda, itumie palepale uiache. Ikiwa lazima ukumbuke mahali, tumia QPersistentModelIndex, ambayo modeli yenyewe huisogeza kila hodi inapokamilika, au kumbuka ile namba ya hifadhidata na uutafute mstari upya. Na ukiwa na kadhaa za kuingiza kwa mzazi mmoja zisizofuatana, anzia chini upande juu. Simiyu inaingia mstari wa 18, kati ya Shinyanga na Singida. Njombe 14, kabla ya Pwani. Katavi 5, baada ya Kagera. Geita 3. Ukienda kwa mpangilio huo kila namba uliyoihesabu kwenye orodha ya zamani inabaki sahihi hadi zamu yake ifike. Ni hodi nne, kila moja na mlango wake, maana hazipakani.

Kuhamisha nako usikufanye kwa kufuta na kuingiza upya, ingawa matokeo kwenye hifadhidata yanaonekana yaleyale. Ukifuta, mwonekano unasahau kwamba tawi lilikuwa wazi na kwamba karani alikuwa amechagua kitu ndani yake. Ipo beginMoveRows kwa kazi hiyo. Mkoa wa Geita ulipokea kutoka kwa wazazi watatu, wilaya ya Geita kutoka Mwanza, Bukombe kutoka Shinyanga na Chato kutoka Kagera, kwa hiyo ni mihamo mitatu, huwezi kuikusanya. Soma jibu lake kila mara: inarudisha false ikiwa unachoomba hakiwezekani, kwa mfano kumpeleka mzazi chini ya mjukuu wake mwenyewe. Ikikataa, usiguse data.

Kuna jambo jingine ambalo nimeliona linakunyemelea. Mti wako ni mkubwa, na umefanya vyema kuacha vijiji visipakiwe hadi kata ifunguliwe. canFetchMore na fetchMore umeziandika sawasawa. Sasa jiulize: karani anaongeza kijiji kwenye kata ambayo haijafunguliwa bado. Unaandika kwenye hifadhidata, unapiga hodi, unaingiza mtoto mmoja. Dakika tano baadaye anaifungua kata hiyo, fetchMore inasoma vijiji vyote kutoka kwenye hifadhidata, pamoja na kile kipya, na kinaonekana mara mbili. Karani anadhani amekosea, anafuta kimoja. Vyote viwili vilikuwa kijiji kimoja. Ameshakifuta kwenye hifadhidata, na wewe ndiye uliyemwongoza mkono.

Kwa kata ambayo haijapakiwa andika kwenye hifadhidata tu, halafu uiache. hasChildren yake ijibu ndiyo, alama ya kufungua ionekane, na kijiji kitakuja pamoja na ndugu zake siku mlango utakapofunguliwa. Kama unataka kimwonekee karani papo hapo, pakia kata nzima kwanza, usiingize mtoto mmoja peke yake kwenye nyumba tupu.

Kuhusu nyuzi (threads) nitasema kwa ufupi kwa sababu jambo hilo halina mjadala: uzi wa nyuma usiiguse modeli inayoonyeshwa. Ulete data, uikabidhi kwa uzi wa dirisha, na huko ndiko hodi inapopigwa. Rafiki zako wanaoandika kwa Java wana sheria hiyohiyo kwenye Swing, na wana mtego wao pia: kumwongeza mtoto kwa add kwenye nodi yenyewe, mti usione, kisha kuita reload, ambayo inafunga matawi kama unavyofunga wewe. Waambie waipe DefaultTreeModel kazi hiyo kwa insertNodeInto.

Kabla hujaniletea tena, unganisha modeli yako na QAbstractItemModelTester. Ipo tangu Qt 5.11, ni mstari mmoja, na itakukagua kila hodi, kila mzazi, kila hesabu ya watoto. Mimi sikuwa nayo 2012. Ingenionyesha mengi, ingawa ile ya Ludewa isingeiona, kwa sababu hodi zangu zote zilikuwa halali. Nilichokosea ni mlango.

Januari 2016 ulipotangazwa mkoa wa Songwe, nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti cha karani mmoja, mama wa makamo, anajaza taarifa za Mbozi, ambayo hadi siku hiyo ilikuwa chini ya Mbeya. Sasisho lilishuka kutoka kwenye seva akiwa katikati ya kuandika. Songwe ikaingia baada ya Singida. Ileje, Mbozi na Momba zikahama, moja baada ya nyingine. Tulikuwa tumeandika kwamba aliyechaguliwa akihama, mzazi wake mpya afunguliwe, na afunguliwe baada ya kuingia mtini, si kabla, maana nodi ambayo haijaingia haifunguki. Mti ukateremka kidogo. Mbozi ilikuwa bado na rangi ya buluu, kata zake bado ziko wazi. Mama yule aliinua macho, akasoma neno Songwe juu yake, akasema, "Aa, tumeshahamia," akarudi kwenye karatasi yake na kuendelea na kijiji kilichofuata.